Pikipiki ya Mjomba

Sisi wa uwanda wa Makonde tulizijua pikipiki muda mrefu kabla hazijawa biashara ya vijana. Siku hizo pikipiki ilikuwa ya bwana shamba, ya padri, ya bwana afya au ya mradi fulani, na ilipopita kijijini watoto waliikimbiza mpaka vumbi lake likawashinda. Ilipokataa kuwaka, wazee walisema inaumwa. Kisha wakamwuliza mwenyewe, kama wanavyomwuliza mama aliyebeba mtoto mgonjwa: tangu lini? Ni asubuhi au jioni? Imekula nini?

Walisema kwa mzaha, lakini kwa fundi anayejua kazi yake hayo ndiyo maswali yenyewe. Nataka kueleza habari za pikipiki moja kuukuu niliyoirithi, na jinsi maswali hayo yalivyokuja kumfaa mpwa wangu katika jambo ambalo lingemgharimu riziki yake, na lingemgharimu mama yake mikorosho ya mwaka mzima.

Pikipiki yenyewe ni Honda CG125. Mjomba wangu, ambaye alikuwa bwana shamba, aliinunua mwaka 1991 kwenye mnada wa vifaa chakavu, wakati huo ikiwa imekwisha kuchoka. Kiti kilikuwa kimepasuka na taa haikuwaka, lakini injini ilikuwa nzima, na sababu ya uzima huo inastahili kuelezwa. Honda walianza kuitoa pikipiki ya aina hiyo mwaka 1976, baada ya wahandisi wao kwenda kuangalia jinsi pikipiki zinavyotumika katika nchi kama zetu. Waliona zinabebeshwa kupita kiasi, oili haibadilishwi kwa wakati, na cheni inaachwa mpaka ilie. Wakaunda injini ambayo vavu zake zinasukumwa na fimbo za chuma, badala ya kuzungushwa na mnyororo wa ndani unaohitaji oili safi na mtu wa kuukaza. Mwaka huohuo kiwanda chao cha Manaus huko Brazil kilianza kuiunda, na Pelé mwenyewe akaitangaza. Pikipiki nyingi za Kichina zilizoingia Tanzania tangu katikati ya miaka ya 2000 zina injini iliyonakiliwa kutoka hiyo. Kwa hiyo kijana wa bodaboda anayeicheka Honda yangu sokoni Newala, aghalabu amekalia mjukuu wake.

Mjomba alifariki mwaka 2004. Kwetu Wamakonde, kama kwa Wayao na Wamakua wa upande wa Masasi, mtu huhesabiwa kwa ukoo wa mama, na mpwa ana nafasi yake katika mali ya mjomba. Hata hivyo kikao cha ukoo kilichukua siku mbili. Wengine walitaka pikipiki iuzwe fedha zigawanywe. Mama yangu, ambaye alikuwa dada yake mkubwa, akasema kwamba chuma kile hakina bei ya kugawanyika, apewe mwalimu maana yeye ndiye aliyekuwa akimshikia taa akiitengeneza usiku. Mwalimu ni mimi. Nikakabidhiwa pikipiki, mfuko wa turubai wenye spana saba, na daftari la shule lenye kurasa zilizolowa oili.

Daftari hilo ndilo lililokuwa urithi hasa. Kila pikipiki ilipokataa, mjomba aliandika tarehe, mahali, hali ya hewa, ilikuwa imebeba nini, ilianza kufanya nini kabla ya kuzima, na mwisho alichokikuta. Nimelisoma lote mara nyingi. Katika miaka kumi na mitatu injini ilifunguliwa mara mbili tu. Yaliyobaki yalikuwa mambo madogo madogo: uchafu ndani ya petroli, plagi, waya uliochubuka, chujio la hewa lililoziba.

Lazima nieleze kwa nini mtu alikuwa na subira ya kuandika hivyo. Vipuri vilitoka Dar es Salaam, na kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko pale Ndundu. Masika yakishika, barabara ile ilikuwa haipitiki, na kusini tukabaki kama watu wa kisiwani, tukisubiri meli ya Mtwara. Ringi za pistoni ungeziagiza Februari ukazipata Juni. Mtu aliyefungua injini bila sababu, akakata gasketi ambayo hana nyingine, alikuwa amejihukumu kutembea kwa miguu miezi minne. Kwa hiyo mjomba aliuliza kwanza, akauliza tena, akalala, ndipo akashika spana.

Utaratibu wake haukuwa wa ajabu. Injini ya petroli inataka cheche kwa wakati wake, mafuta yenye hewa kwa kipimo chake, na mgandamizo. Kimoja kikikosekana haiwaki, na vyote vikiwepo haina budi kuwaka. Alianza na plagi kwa sababu plagi huona kila kitu kinachotokea ndani. Ikitoka na rangi ya korosho iliyokaangwa vizuri, mambo ni mema. Ikiwa nyeusi na kavu kama masizi ya sufuria, mafuta yamezidi hewa, na juu ya uwanda wetu maana yake karibu kila mara ni chujio la hewa. Kichanga chekundu cha Makonde ni chembamba, kinaingia mpaka ndani ya saa ya mkononi. Ikiwa nyeusi na inang'aa kwa oili, ndipo ringi zinapofikiriwa, lakini si kabla ya kuuliza ni mwezi gani.

Swali la mwezi lilikuwa lake peke yake, sijamsikia fundi mwingine akiliuliza. Msomaji asiye wa kusini hajui kwamba kuanzia Juni hivi mpaka Septemba, mikorosho inapochanua, mashamba yetu hulia injini alfajiri, kabla upepo haujaanza. Ni zile mashine za kubeba mgongoni zinazopuliza salfa dhidi ya ubwiriunga. Mashine hizo hazina oili ya peke yake. Petroli yake huchanganywa na oili kabisa, na mchanganyiko huo huwekwa katika chupa zilezile zinazowekwa petroli ya kawaida. Basi kila ifikapo Julai pikipiki kadhaa zilianza kutoa moshi wa buluu na kukohoa, na mafundi wakaona ringi. Mjomba alimwaga tangi, akasafisha plagi, akatia petroli safi, na maradhi yakaisha. Ameandika mahali fulani kwa kalamu nyekundu: "Julai. Moshi. Uliza chupa ilikuwa ya nani." Katika miezi hiyohiyo chujio lake la hewa lilibadilika kuwa la njano, maana yeye mwenyewe alibeba mifuko ya salfa kuwapelekea wakulima.

Baada ya plagi aliangalia cheche yenyewe. Aliirudisha plagi kwenye kofia yake, akailaza juu ya chuma cha injini, mbali na petroli yoyote, kisha akapiga kiki. Cheche ya buluu yenye mlio ni nzuri, ya njano iliyo kimya ni dhaifu. Kama pikipiki ilikataa siku za mvua tu, alisubiri usiku ukaingia, akaninyima taa niliyokuwa nimeishika, akapiga kiki gizani. Waya wa plagi uliochakaa huonekana gizani: cheche ndogo hutambaa juu yake kama vimulimuli na kuishia kwenye chuma kabla ya kufika kwenye plagi. Mchana usingeona kitu, ungenunua koili mpya ya bure.

Kuhusu mafuta, alichomoa mpira unaotoka kwenye tangi na kuacha petroli itiririke ndani ya kopo akihesabu. Mtiririko unaoanza vizuri kisha ukapungua na kuwa matone, hilo ni jambo la kuandikwa daftarini, na baadaye nitaonyesha ni kwa nini. Alinusa pia. Miaka ile petroli ilichanganywa na mafuta ya taa kwa sababu ya tofauti ya bei, na ndiyo maana EWURA walianza kuyawekea mafuta vinasaba mwaka 2010. Injini iliyokunywa mafuta ya taa hugonga ikipanda mlima na hupata moto haraka, na mwenyewe huambiwa kwamba injini imekwisha.

Nina neno moja zaidi juu ya vavu, kwa kuwa hapo watu wengi hupotea. Katika CG125 nafasi ya vavu ni milimita 0.08 injini ikiwa baridi, yaani kama unene wa karatasi. Nafasi ikizidi, injini hulia tiki-tiki-tiki na mwenye nayo huona aibu. Nafasi ikipungua, injini hunyamaza na mwenye nayo hufurahi, kumbe vavu haijifungi sawasawa, mgandamizo unavuja, na ukingo wake unaungua polepole. Kulikuwa na fundi mzee Masasi, chini ya yale majabali ambayo msafiri huyaona tangu mbali, aliyejifunza kazi katika karakana za misheni Ndanda. Alikuwa rafiki wa mjomba. Alisema pikipiki zilizokuwa zikilia zilimjia kila wiki na hazikuwa na shida kubwa, ila iliyomjia kimya ndiyo aliyoiogopa. Mzee huyo hakugusa pikipiki ya mtu mpaka mwenyewe amalize kueleza, na ukimweleza kwa kifupi alikupa kigoda ukae ueleze tena.

Sasa zama zimebadilika, na sitaki kudanganya kwamba zile za kwanza zilikuwa bora. Pikipiki za wakati huo zililala nyumbani kwa miezi zikisubiri kipuri cha bei ya kuku. Wagonjwa walibebwa kwenye machela kutoka vijiji vya bondeni kupanda uwanda. Leo bodaboda huwafikisha hospitali, na duka la vipuri liko kila penye soko. Mwaka 2010 zilipotungwa kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za kubeba abiria, vijana wetu wengi walikuwa wamekwisha kuanza kazi hiyo. Haya yote ni heri.

Lakini wingi wa vipuri umeleta jambo moja ambalo sioni likizungumzwa. Fundi halipwi kwa kuuliza. Analipwa kwa kufungua na kubadilisha. Akikaa na mteja nusu saa akigundua kwamba waya umelegea, akaukaza, mteja atampa shilingi mia tano na kuona kwamba amemhurumia. Akibadilisha kabureta nzima atapata fedha ya kazi na pengine kitu kidogo kutoka dukani, na mteja ataondoka akiwa na kitu kipya cha kuonyesha. Fundi naye ana watoto. Kwa hiyo anabadilisha kabureta, na kama tatizo halikuwa huko, wiki ijayo atabadilisha koili. Hakuna aliyeiba. Gharama ya swali ambalo halikuulizwa inamwangukia mwenye pikipiki, na siku hizi mwenye pikipiki mara nyingi si mwenye pikipiki kwa kweli, ni kijana wa mkataba.

Mpwa wangu alikuwa mmoja wao. Mkataba wake ulikuwa wa kawaida: hesabu ya shilingi 8,000 kila siku kwa miezi kumi na mitatu, kisha kadi ya pikipiki iandikwe jina lake. Akikosa hesabu siku saba mfululizo, bosi ana haki ya kuchukua pikipiki na yote aliyokwisha kulipa yamepotea. Agosti 2021 alikuwa amemaliza mwezi wa kumi na moja. Alinijia asubuhi moja akiisukuma, amevaa koti lake la vumbi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mbona unatembea nayo kama ng'ombe?"

Akacheka kidogo, kisha machozi yakamlenga. Alikuwa amekosa hesabu siku nne. Pikipiki ilikuwa ikizima njiani kila akienda Masasi. Fundi mmoja alikuwa amemwambia kwamba inapata moto, pistoni inabana, ringi zimekwisha, inatakiwa kubadilishwa bloku na pistoni, jumla shilingi 140,000 pamoja na ufundi. Alikuwa hana. Mama yake, yaani dada yangu, alikuwa amekwisha kuzungumza na mnunuzi wa kangomba ampe fedha kwa ahadi ya korosho za msimu unaokuja. Msomaji anayejua kangomba ataelewa. Asiyejua, nimweleze kwamba ni kuuza korosho kwa kipimo cha bakuli na kwa bei ya dhiki, nje ya mnada, na mara nyingi zikiwa bado ni maua. Yule mtu angekuja jioni.

Nilimpa kigoda.

Nilimwuliza inazima vipi. Akasema inapungua nguvu kama mtu ameshika breki, inavutavuta, kisha inazima. Akisimama kidogo akapiga kiki, inawaka na kwenda tena. Kwa kweli maelezo hayo yanafanana sana na injini iliyopata moto, na sikumlaumu fundi. Nikauliza kama inatoa moshi. Haitoi. Nikauliza kiki inakuwaje ikiwa imezima barabarani, ni nyepesi au nzito. Akasema nzito kama siku zote. Ringi zilizokwisha haziwezi kutoa kiki nzito, kwa kuwa mgandamizo unapita pembeni. Jambo la pili likanisumbua zaidi: alikuwa akizunguka mjini Newala kutwa nzima, jua kali, kusimama na kuondoka, abiria wawili, na haikuzima hata siku moja. Injini hupata moto zaidi katika mizunguko ya namna hiyo kuliko barabarani, ambako upepo unaipoza. Kama ugonjwa ni joto, kwa nini iumwe barabarani na kupona mjini?

Nikamwambia, "Nieleze ukiwa mjini unafanya nini, na ukienda Masasi unafanya nini. Usiache kitu."

Akaeleza. Mjini anaamka, ananunua petroli nusu lita au lita moja ya chupa, anapiga kazi, anaongeza nyingine mchana. Hajazi tangi kwa sababu hana fedha ya kujaza, na kwa sababu mafuta mengi yakilala ndani huibwa. Akipata abiria wa Masasi huomba nauli nusu kwanza, anakwenda kituoni na kujaza mpaka juu. Anateremka kutoka uwandani vizuri, na hajafika mbali huku bondeni, upande wa Mwiti, inaanza kuvuta.

"Ikizima unafanya nini?"

"Nashuka. Abiria wanashuka. Nafungua mfuniko naangalia mafuta, naona yapo. Nafunga. Tunakaa kidogo. Napiga kiki inawaka."

"Ukifungua mfuniko unasikia nini?"

Akafikiri. Akasema husikia fyuu, na alidhani ni petroli inachemka kwa sababu ya moto wa injini.

Nina hakika mjomba angeifunga kalamu yake hapo. Kila mtu aliyewahi kutoboa kopo la maziwa anajua kwamba tundu moja halitoshi. Maziwa hutoka kidogo kisha hukataa, mpaka utoboe tundu la pili hewa iingie. Tangi la pikipiki ni hivyohivyo. Petroli ikishuka kwenda kwenye kabureta, hewa lazima iingie juu kuchukua nafasi yake, na njia ya hewa hiyo ni kitundu kilichomo ndani ya mfuniko. Kitundu kikiziba, petroli hushuka mpaka mvuto wa ndani ukaishikilia, nayo injini ikafa kwa kiu huku tangi limejaa. Tangi likiwa limejaa hadi juu, nafasi ya hewa ni ndogo sana, kwa hiyo mvuto unakuja upesi. Tangi likiwa na nusu lita tu, kuna hewa nyingi juu, inatanuka taratibu, na dereva atakuwa amekwisha kufungua mfuniko kuongeza chupa nyingine kabla shida haijaanza. Ndiyo maana mjini ilikuwa nzima. Na hata barabarani, dawa alikuwa akiitia mwenyewe kila alipofungua kuangalia mafuta, halafu akaisifu mapumziko.

Tulifungua mfuniko. Chini yake kulikuwa na kipande cha nailoni kilichokunjwa mara mbili, cha mfuko wa zamani, wa ile mifuko iliyopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Mpira wa mfuniko ulikuwa umechakaa, petroli ikawa inaruka mtu akipanda mlima, na mwenye pikipiki wa kwanza au dereva fulani aliyetangulia akatafuta njia ya kuizuia. Ilizuia kweli. Kwa tangi lisilojaa isingemletea mtu shida kwa miaka.

Nilikata duara la mpira kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, nikaliacha wazi katikati penye kitundu, na kitundu chenyewe nikakizibua kwa uzi wa breki. Lakini ugonjwa uliokisiwa haujawa ugonjwa uliothibitishwa. Nilimpa fedha akajaze tangi mpaka juu kabisa, tukapanda wote wawili tukateremka hadi Mwiti, tukageuza, tukapanda uwanda bila kusimama. Ilikwenda. Kule juu akataka kurudi nyumbani kumwambia mama yake. Nikamwambia asimame kwanza pembeni ya barabara. Nikatoa ile nailoni mfukoni, nikairudisha chini ya mfuniko, tukaondoka. Ilianza kuvuta kabla hatujafika mjini. Akaitoa mwenyewe kwa hasira na kuitupa, nami nikamwambia aiokote.

Dada yangu alimrudisha yule mnunuzi wa kangomba kutoka mlangoni kwa maneno ambayo sitayaandika. Mpwa wangu alilipa hesabu ya siku alizokosa kwa kufanya kazi mpaka saa nne za usiku, na Oktoba mwaka huo kadi ikaandikwa jina lake.

Alikwenda pia kumweleza fundi, si kwa shari. Fundi akapiga paja kwa kucheka, na tangu siku hiyo, pikipiki ikiletwa kwake kwa kuzima njiani, hufungua mfuniko kwanza. Nilipopita kwake baadaye aliniambia kwamba amejaribu kuweka bei ya kupima peke yake: shilingi 2,000 kwa kumsikiliza mtu na kuikagua pikipiki, kisha mteja aamue mwenyewe kama itafunguliwa. Nilimpongeza. Akasema nisimpongeze bado, kwa maana wateja wamekataa. Wanamwambia, "Fundi, nikulipe kwa kufanya nini, na hujashika kitu?" Akaacha.

Honda ya mjomba bado inatembea. Daftari lake limejaa, nami nimeanza la pili. Ukurasa wa mwisho nilioandika ni wa gia ya pili, ambayo inaruka ikibebeshwa mzigo mlimani lakini hairuki peke yake. Nimekwisha kuiangalia klachi na pedeli ya gia, na nimebadilisha oili. Kinachobaki kiko ndani ya injini, na hiyo itakuwa mara ya tatu kufunguliwa tangu ije kwenye ukoo wetu. Nasubiri fedha za korosho.